Hori Lisilojaa

Asubuhi ya pili Inspekta Wardah Mbwana aliteremka gatini akakuta boti haipo.

Mlinzi aliyeketi juu ya pipa la mafuta hakuinuka. "Injini imekufa," alisema kabla hajaulizwa.

"Boti iliyokufa injini imeondokaje?"

"Imevutwa."

"Na nani?"

Mlinzi alielekeza kidevu baharini. Hapakuwa na chombo chochote, ila kisiwa cha Kudhaa kwa mbali, na maji matupu katikati. "Na boti nyingine," alisema, akageuza uso.

Boti ile ilikuwa mali ya kampuni iliyotaka kujenga Mji wa Firdausi, nyumba mia kadhaa kando ya hori la Mtanga, mkono wa bahari uliojaa mikoko. Ndiyo iliyomtoa Wardah Kismayu, kwa ahadi kwamba ingemrudisha siku ileile kabla ya jua kutua. Mkubwa wake hakuwa na askari wa kumpa siku hiyo, na kampuni ilisema walinzi wake wanatosha. Langoni mwa kambi ya kampuni walinzi hao walimtaka aache bastola. Kanuni ya kambi, walisema. Akapewa kipande cha plastiki chenye namba, kama mtu anayeacha mzigo dukani.

Alikuja kwa ajili ya marehemu Nabil. Huyo alikuwa mtathmini wa mazingira, kijana wa Kismayu aliyetumwa kuangalia kama nyumba hizo zingeweza kujengwa pale bila kuua mikoko na mazalio ya samaki. Bamvua iliyopita, wakati mwezi ulipokuwa mpevu na maji yakajaa kupita kawaida, alikutwa amekufa ndani ya msitu wa mikoko. Daktari alisema kifua kilijaa maji ya chumvi na kichwani alikuwa na jeraha. Kando yake lilikutwa shoka la Gharibu, mkata boriti wa Kudhaa, na Gharibu alikuwa mahabusu Kismayu akingoja kupelekwa mbele ya hakimu. Kosa la kuua adhabu yake kuuawa. Kesi ilionekana imekwisha. Kilichobaki ni Wardah kuandika maelezo ya watu wa kambini na kupaona alipofia mtu.

Alitoa simu mfukoni. Hakuna mtandao. Jana ulikuwepo wa kambini, kwa neno la siri. Usiku neno hilo lilikuwa limebadilishwa.

*

Mahdi, meneja wa kambi, alikuwa akimngoja ofisini, ndani ya kontena jeupe lenye kiyoyozi. Alikuwa mtu wa makamo, sauti ya chini, ndevu zimepakwa hina vizuri. Mezani palikuwa na mikate laini ya anjera, asali na birika la chai ya iliki.

"Karibu, dada Wardah. Umelala salama?"

"Boti yangu iko wapi?"

"Boti ya kampuni," alimsahihisha kwa upole. "Imekwenda kutengenezwa. Itarudi ukimaliza kazi yako."

"Kazi yangu ni maelezo yako, na kupaona mahali. Baada ya hapo nimemaliza."

"Basi tuanze, chai isipoe."

Wardah akafungua kalamu. "Nabil alikufaje?"

"Nilikueleza jana."

"Jana nilisikiliza. Leo naandika."

Mahdi alimimina chai vikombe viwili. "Gharibu anakata boriti katika hori. Nabil alikuwa anatia alama miti, rangi nyekundu. Gharibu akadhani anataka kumkataza kukata. Wakagombana mbele ya watu. Siku ya tatu yake Nabil akaenda dagoni kwa Gharibu, pale kwenye kibanda anacholala akija kukata miti. Akapigwa, akaanguka, maji yakaja yakamkuta hajitambui."

"Maji yapi?"

"Ya bahari, Inspekta. Wewe ni mwana wa pwani. Bamvua inapanda mpaka mlangoni pa kibanda."

"Umeyaona mwenyewe yakifika pale?"

"Kwa macho yangu. Asubuhi ile tunamtoa Nabil bado yalikuwa magotini."

"Magotini mwako?"

"Mwangu."

Wardah aliandika, akamsomea alichoandika neno kwa neno, akamsogezea karatasi. Mahdi alitia saini bila kusita, saini ndefu yenye mkia.

"Sasa na wewe utie yako," alisema, akatoa karatasi nyingine, iliyokwisha kupigwa chapa. "Kwamba umechunguza na umeridhika kwamba muuaji ni Gharibu. Nakala moja ibaki hapa. Jioni boti itakuwa gatini."

"Na nisipotia?"

"Nani amesema hutatia?" Alionekana kama aliyeumizwa kidogo. "Hapa wewe ni mgeni wetu. Una chumba, una feni, una chakula. Sisi hatuna haraka."

"Naweza kutoka kwa barabara."

"Kizuizi kimefungwa. Upande wa bara kuna habari za mabomu ya kutegwa. Nikikuachia ukakanyaga, nitamwambia nini mkubwa wako?" Alikoroga chai yake polepole. "Nabil naye tulimwonya asitembee ovyo."

Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma. Wardah aliitazama ile karatasi bila kuigusa.

"Unapenda mikoko, dada?" Mahdi aliuliza. "Mimi nimezaliwa katika kambi ya wakimbizi, ndani ya hema. Mdogo wangu alikufa ndani ya hema hilohilo kwa joto. Watu wetu wanarudi nyumbani sasa. Walale wapi, juu ya mizizi? Na msitu wenyewe ni mfu, miaka mingi umekufa. Nabil alijua hivyo, hata yeye alikuwa karibu kuandika hivyo. Tunajenga juu ya kitu kilichokwisha kufa. Kosa liko wapi?"

"Sijasema kuna kosa. Nataka kupaona dagoni."

"Twende sasa hivi, kabla jua halijapanda."

Mahdi aliharakisha mno. Wardah alikuwa amemwona mwezi jana usiku, umetimia mviringo. Alfajiri, akiwa kitandani, aliisikia bahari ikijaa chini ya ukuta wa kambi, na kwa hesabu ya kila aliyelelewa pwani ingejaa tena alasiri. Saa hizi ilikuwa inatoka.

"Chakula cha jana kimenivuruga tumbo," alisema. "Tuseme alasiri."

"Alasiri nina wageni kwenye simu. Wenye hisa."

"Basi mhandisi wako anipeleke."

Mahdi aliweka kikombe chake mezani. Kukataa kungekuwa jibu, na yeye alilijua hilo. "Abdulrazaq atakupeleka," alisema hatimaye. "Na mlinzi mmoja. Usiingie ndani sana, kuna nyoka."

*

Kambi ilikuwa juu ya rasi. Kwa mashariki ni bahari, kwa magharibi hori la Mtanga linaloitenga rasi na bara. Njia ya kutoka ilikuwa moja, barabara mpya iliyokatiza mdomo wa hori, na mwisho wake kizuizi chenye walinzi. Wardah aliuzunguka ukuta wote kama mtu anayenyoosha miguu. Kila alikogeuka palikuwa na mlinzi anayemsalimia kwa heshima.

Nyuma ya jiko aliona makalavati makubwa ya zege yamepangwa mstari, ya kupitishia maji chini ya barabara. Mbuzi walikuwa wamelala ndani yake. Alisimama akawatazama kitambo, kisha akaingia jikoni.

Samiha, mpishi, mwanamke wa Kudhaa, alikuwa anafungua mikebe ya jodari. Kopo baada ya kopo aliliinamisha juu ya sufuria ya wali.

"Samaki wa mkebe?" Wardah aliuliza. "Na bahari iko hapo?"

"Walinzi hawana nyavu, dadangu."

"Na kaa wa Mtanga? Nilipokuwa mdogo, Kismayu nzima ilikula kaa wa Mtanga."

Samiha alitazama mlangoni. Mlinzi alikuwa amesimama kivulini, mgongo kwao. "Horini hapana kichu sasa," alisema taratibu. "Si kaa, si kamba."

"Tangu lini?"

"Usiniulize lini. Mimi nilikuja hapa kwa mwezi mmoja. Nikitaka kwenda kwetu naambiwa boti haipo." Akafunika sufuria. "Kula wali wako, dadangu. Wameniambia unaumwa tumbo. Tumbo lako zima, hata mimi naona."

Abdulrazaq, mhandisi, alihojiwa chini ya turubai la karakana. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alijibu kwa ufupi, akitazama kalamu.

"Asubuhi Nabil alipokufa ulikuwa wapi?"

"Chumbani. Nilikuwa na homa."

"Nani alikuona?"

"Homa haina shahidi, Inspekta."

"Mara ya mwisho kwenda kwenu lini?"

Hilo ndilo swali lililomfanya ainue uso. "Mamangu yuko Burgao," alisema. "Ni hapo tu."

*

Baada ya sala ya alasiri waliondoka kwa Landkruza, Abdulrazaq kwenye usukani, mlinzi nyuma na bunduki yake na fungu la miraa. Walipoingia kwenye barabara mpya Wardah hakugeuza shingo. Alitazama kwa vioo vya pembeni. Upande wa bahari maji yalikuwa yamejaa tele, yanapiga mawe ya tuta na kurusha povu karibu na magurudumu. Upande wa pili mikoko ilisimama rangi ya kutu, na chini yake hapakumetameta kitu.

"Barabara nzuri," alisema. "Uliijenga wewe?"

"Mimi."

"Maji yanapita wapi?"

Abdulrazaq alibadilisha gia pasipo haja. "Kuna makalavati."

"Mangapi?"

"Yanatosha."

Nyuma yao mlinzi aliacha kutafuna.

Waliegesha kabla ya kizuizi. Mlinzi aliangalia msitu, akaangalia viatu vyake, akasema angengoja kivulini. "Msikawie," alisema. "Bosi anataka gari."

Wakaingia wawili kwa miguu. Mwanzoni Wardah alitembea kwa tahadhari kama atembeavyo mtu katika mikoko, mguu ukitafuta mzizi. Baada ya muda akaacha. Ardhi ilikuwa imepasukapasuka kama chungu kilichounguzwa. Mashimo ya kaa yalikuwa wazi, makavu, buibui wametanda midomoni mwake. Chaza walishikilia mizizi, lakini kila mmoja alikuwa ametanua makombe yake mawili, na ndani hamna nyama.

Dago la Gharibu lilikuwa juu ya kichuguu cha mchanga katikati ya msitu: kibanda cha makuti, mafiga matatu, mtumbwi mmoja umefungwa kwenye kigingi. Kipande cha utepe wa polisi kilikuwa bado kinaning'inia. Wardah alipiga magoti mbele ya mafiga. Jivu lilikuwa limegandamana kuwa gumu na majani membamba yameota ndani yake. Akauendea mtumbwi. Ulikuwa umelala juu ya tope kavu, mbao zimepasuka kwa jua kiasi cha kupitisha vidole.

Gharibu alikuwa amemwambia jambo hilo mahabusu, na yeye hakulitilia maanani: "Mimi Mtanga niliihama, mama. Mti uliokauka umesimama hauwi boriti. Shoka nililiacha kibandani, sikuwa na haja nalo." Wakati ule Wardah alidhani ni maneno ya mshitakiwa yeyote.

Alisimama, akatega sikio. Kwa mbali, nyuma yao, kulisikika kishindo kizito, kisha kingine.

"Unasikia?" alimwuliza Abdulrazaq.

"Nini?"

"Bahari inapiga tuta lako. Leo ni bamvua, na saa hii imejaa kuliko itakavyojaa mwezi mzima. Na mimi nimesimama dagoni kwa Gharibu na viatu vikavu."

Abdulrazaq aliinama akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Mahdi ametia saini kwamba maji yalikuwa magotini mwake papa hapa. Anasema msitu huu umekufa miaka mingi. Ungekuwa mfu wa miaka mingi, chaza hawa wangekwisha kudondoka na majani yasingekuwa mitini. Hori hili halikufa, limezibwa. Makalavati yako yamelaliwa na mbuzi." Alimsogelea. "Mtu hazami mahali pasipo maji. Nabil alizama kwingine, akaletwa hapa kwa sababu hapa palikuwa na shoka. Alizama wapi?"

Mhandisi aliketi ukingoni mwa mtumbwi. Ubao ulilia chini yake.

"Mahdi aliniambia niyaache makalavati nje kwa muda," alisema. "Kwa muda tu. Alisema mtathmini akija akute kinamasi kimekufa, hakuna wa kukataza kujenga juu ya maiti. Baadaye tungefungua upande mmoja, iwe mfereji wa bustani. Nilidhani miti haitakufa upesi hivyo."

"Na Nabil akajua."

"Alijua siku ya kwanza. Alikaa kimya, akangoja bamvua. Alfajiri, baada ya sala, akaenda barabarani na simu yake kupiga picha pande zote mbili, huku maji, huku kukavu. Mahdi akamfuata."

"Wewe ulijuaje?"

"Niliambiwa," alisema. "Nilikuwa na homa."

Wardah aliliacha jibu hilo lipite. Honi ilisikika kutoka barabarani, mara moja, fupi.

"Turudi," alisema. "Nitatia saini karatasi yake. Nikifika Kismayu ndipo nitaandika nyingine."

Abdulrazaq alitikisa kichwa. "Hutafika Kismayu. Mlinzi amesikia ulivyoniuliza habari za maji. Mahdi atakutazama viatu tu, aone vikavu, ajue umeng'amua. Nabil naye alisema atatia saini." Alivuta pumzi. "Pasipoti yangu iko ndani ya sefu lake. Samiha amezuiwa. Hakuna aliyetoka hapa tangu siku ile."

Wardah alitazama magharibi, katikati ya vigogo vya kutu. Kule mbali, ng'ambo ya uwazi wa tope, kulikuwa na mstari wa kijani: vichaka vya bara, na nyuma yake njia ya malori yatokayo Burgao kwenda Kismayu.

"Zamani pale mtu alivuka kwa mtumbwi tu," alisema.

"Sasa kuna ganda. Chini yake tope bado ni laini."

"Linambeba mtu?"

"Nililipima kwa ajili ya misingi ya nyumba." Alimtazama kwa mara ya kwanza machoni. "Linambeba mtu asiyesimama mahali pamoja."

Honi ililia tena, ndefu. Wardah alivua viatu, akavifunga kiunoni kwa mtandio.

*

Ganda lilikuwa kama ukoko wa wali, juu kavu, chini rojorojo. Kila hatua lilibonyea na kutoa harufu ya yai bovu. Walikwenda wameachana, Abdulrazaq mbele. Walipotoka kwenye mikoko na kuingia mahali pa wazi, sauti ya mlinzi iliwafikia, ikipaza majina yao, kisha mlio wa gari.

Wardah aligeuka kutazama, na huko kugeuka ndiko kulikomponza. Ganda lilivunjika. Mguu wa kulia ukazama hadi pajani. Alijaribu kuuchomoa, na wa kushoto nao ukafuata.

"Usipige miguu!" Abdulrazaq alikuwa amelala kifudifudi, anatambaa kumrudia. "Lala, Inspekta. Lala ujivute. Ukipapatika unazidi kwenda. Yeye naye alipapatika mno, angetulia tu..."

Akakatisha.

Wardah alikuwa kiunoni ndani ya tope. "Nani alipapatika?"

"Shika mkono."

"Ulikuwa na homa siku ile, Abdulrazaq."

"Shika mkono. Gari linakuja."

Aliushika. Mhandisi alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na tope likamwachia Wardah kwa sauti ya mdomo unaobusu, likabaki na viatu vyake. Nyuma yao Landkruza ilikuwa imeshuka tuta, ikapita palipo pagumu ukingoni, ikaja kasi juu ya ganda. Ilikwenda mbali kuliko Wardah alivyotegemea. Kisha pua yake ikainama, magurudumu ya nyuma yakazunguka hewani yakirusha matope, na gari lote likaketi mpaka madirishani. Mlinzi alitokea dirishani, akapanda juu ya paa. Alifyatua risasi moja hewani. Baada ya hapo akabaki ameketi na bunduki yake magotini, hana pa kwenda.

Walifika kwenye vichaka vya bara. Wardah hakupumzika.

"Sema," alimwambia.

"Tuifikie njia kwanza."

"Sema sasa."

Abdulrazaq aliendelea kutembea. Wardah akamfuata. Kwa kulia kwao, kule kwenye barabara ya tuta, vumbi lilikuwa limeinuka. Gari la pili. Kizuizi ambacho jana na leo hakikuweza kufunguliwa kwa sababu ya mabomu kilipandishwa kwa mkono mmoja, na gari likapita mbio upande wa bara, bila kukwepa hata shimo.

*

Lori la Burgao lilikuwa limejaa magunia ya ng'onda, samaki waliokaushwa, na watu juu ya magunia. Lilikuwa na walinzi wawili wenye bunduki, kama malori yote ya njia ile. Wardah alisimama katikati ya njia, mikono juu, tope limemkaukia mpaka kifuani. Dereva alipiga breki hatua chache mbele yake.

"Mchu gani huyu?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka juu.

"Polisi, Kismayu," Wardah alisema.

"Polisi peku?"

Kabla hajajibu, gari la Mahdi lilifika, likaegesha ubavuni. Mahdi aliteremka bila haraka, kanzu yake nyeupe, mikono mitupu. Mlinzi wa gatini, yule wa asubuhi, alibaki kwenye usukani, dirisha wazi, injini inanguruma.

"Ndugu zangu, asalaam alaykum," Mahdi alisema. "Mniwie radhi. Huyu dada ni mgeni wetu, jua limempiga kichwani tangu asubuhi. Tumekuja kumchukua tumpeleke kwa daktari."

Dereva alimtazama Wardah miguu mitupu, akamtazama Mahdi kanzu safi. "Dada," alisema kwa huruma, "nenda na watu wako."

"Hawa si watu wangu. Huyu anatuhumiwa kwa mauaji ya Nabil, mtathmini wa mazingira. Namhitaji Kismayu, na namhitaji huyu mhandisi."

"Mnaona?" Mahdi alisema kwa masikitiko. "Abdulrazaq, wewe ni mtu mzima. Waambie."

Watu wote wa lorini walimgeukia Abdulrazaq. Alikuwa amesimama baina ya lori na gari. Mahdi alimkazia macho. Ndivyo alivyomtazama kila siku, Wardah aliona, na kila siku ilitosha.

"Sikuwa na homa," Abdulrazaq alisema.

"Abdulrazaq."

"Mimi ndiye niliyeendesha gari asubuhi ile. Tulimkuta Nabil barabarani anapiga picha. Huyu akamnyang'anya simu, akamsukuma. Akaangukia upande wa bahari. Maji yalikuwa makuu, mawe yana utelezi, hayashikiki. Alikuwa hajui kuogelea." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hapana aliyekohoa. "Akaninyooshea mkono. Nililala juu ya tuta, nikaushika. Nilikuwa nimeushika kabisa. Kisha huyu akanitazama, kama anavyonitazama sasa. Hakusema hata neno. Nikauachia."

Mwanamke wa juu ya magunia alisema "Allah" polepole, akajifunika uso na buibui.

"Tukamtoa yalipopungua," Abdulrazaq aliendelea. "Tukampakia, tukampeleka dagoni kwa Gharibu. Jeraha la kichwa tulimtia pale, amekwisha kufa. Tuliwaambia walinzi waende wamkute."

"Mtu ana wazimu," Mahdi alisema. "Wote wawili wana wazimu." Lakini alisema kwa Kisomali sasa, na kwa haraka, na sauti ile ya chini ilikuwa imempotea.

Wardah alimsogelea Abdulrazaq. Hakuwa na pingu. Zilibaki langoni pamoja na bastola. Alimshika mkono juu ya kiwiko.

"Panda," alimwambia. Kisha kwa dereva: "Mpeni nafasi. Huyu yuko chini ya ulinzi."

"Ulinzi wa nani?" dereva aliuliza, akitazama huku na huku kama anayetafuta askari wengine.

"Wangu."

Walinzi wawili wa lori walitazamana. Mmoja aliruka chini, akasimama kando ya Wardah bila kuambiwa, mtutu umeelekea ardhini. Watu wa juu ya magunia walikuwa wanasogea, na mkono wa mtu ulimvuta Abdulrazaq kwa ukosi mpaka akapanda.

Mahdi aligeuka, akaingia garini, akabamiza mlango. "Twende kambini," alimwambia mlinzi wake.

Mlinzi hakukanyaga mafuta. Alikuwa miongoni mwa waliotumwa dagoni kuuokota mwili wa Nabil asubuhi ile, na aliapa mbele ya polisi kwamba ni kazi ya Gharibu, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Alimtazama Abdulrazaq juu ya lori, akamtazama Mahdi kando yake.

"Nimesema twende!"

Mlinzi alizima injini, akachomoa ufunguo, akateremka.